Leza ya Uswisi na Waya Wetu Ulioibwa

Mpenzi mwanafunzi, kabla hujaanza maswali ya mada ya umeme tuli, naomba dakika zako chache. Maswali yenyewe utayajibu kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Radi ikipiga kijijini kwenu, mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa ya Kiingereza, na huenda wewe ndiye pekee nyumbani kwenu uliyewahi kuisoma mada hii.

Nimefundisha Fizikia miaka tisa Iringa, kisha miaka mingi zaidi Mbeya. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya ngurumo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hupanda mchana juu ya Uporoto, Rungwe, Kitulo na Udzungwa, na ikifika saa tisa alasiri mwalimu aliye chini ya bati huacha kusema, akaandika tu ubaoni, maana hasikiki. Katika miaka hiyo nimesikia maelezo mawili kuhusu radi ambayo hayamo katika muhtasari wa somo. La zamani linasema radi hutumwa na mtu mwenye chuki. Jipya linasema Wazungu wamepata leza ya kuiendesha radi wanakotaka. Wengi huyaona kuwa maelezo yanayopingana, moja la ushirikina na jingine la sayansi. Mimi naona kwamba, kwa jinsi tunavyoyapokea, ni kitu kimoja. Yote mawili hutuambia kuwa yuko mtu mahali fulani mwenye uwezo ambao sisi hatuna, na kwamba kazi yetu ni kuogopa au kushangaa. Na huku tunaogopa na kushangaa, paa la darasa halina kinga.

Nianze na hilo la leza, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2023 kijana mmoja wa Kidato cha Nne alitoka likizo na habari aliyoitazama katika simu ya kaka yake: mnara mlimani, mwali wa mwanga ukipanda angani, na radi ikiufuata. Akaniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, kumbe Wazungu nao wana radi yao ya kutuma." Darasa likacheka, nami nikacheka. Baadaye niligundua kwamba kijana hakuwa anatania. Alikuwa amechukua jambo jipya na kuliweka kwenye kabati ambalo tayari analo kichwani.

Basi tulitoe humo tulitazame. Jaribio lilifanyika kiangazi cha Ulaya cha mwaka 2021 katika mlima Säntis nchini Uswisi, wenye kimo cha mita 2,502. Kileleni pana mnara wa mawasiliano wa mita 124, unaopigwa na radi karibu mara 100 kwa mwaka. Wanasayansi, wakiongozwa na Jean-Pierre Wolf wa Geneva na Aurélien Houard wa Ufaransa, walipandisha huko leza yenye uzito wa zaidi ya tani 3, wakaielekeza angani kando ya mnara, wakasubiri mvua za radi. Anga ya jirani ilifungwa kwa ndege kila leza ilipowashwa. Kwa zaidi ya miezi miwili leza ilifanya kazi jumla ya saa sita na kidogo tu wakati wa ngurumo. Mnara ulipigwa angalau mara 16, na mara nne kati ya hizo leza ilikuwa inawaka. Tarehe 24 Julai anga ilikuwa safi kiasi cha kamera za kasi kuona vizuri, na zikaonyesha radi ikifuata njia ya leza kwa takriban mita 50. Matokeo yalichapishwa Januari 2023.

Mita 50 ni nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Hakuna aliyetuma radi kokote. Wingu lilikuwepo, chaji ilikuwepo, mnara ulikuwepo, na radi ingepiga hata bila leza. Walichofanya ni kuipa njia nyepesi zaidi kwa kipande kifupi cha safari yake. Nakuomba ulishike neno hilo, njia, maana tutalirudia tutakapofika kwenye paa la shule.

Njia hiyo ilitengenezwa kwa plazima. Usiliogope jina. Pita Mwanjelwa penye mafundi wa kuchomelea mageti, na ule mwanga mkali unaokatazwa kuutazama kwa macho matupu ni plazima katika hewa. Radi yenyewe ni plazima, yenye joto la nyuzi karibu 30,000. Gesi hugeuka plazima pale baadhi ya elektroni zinapong'olewa kutoka katika atomu na molekuli zake, na hapo hewa, ambayo kwa kawaida ni kihami, huanza kupitisha umeme. Fundi huidhibiti plazima yake kwa mkono: akiisogeza fimbo mbali, cheche hukatika, akiikaribisha mno, fimbo hunata. Kuidhibiti plazima mita nyingi angani, mahali ambapo hakuna fimbo wala mkono, ndiyo kazi ngumu. Na hapa ndipo ninapoipenda habari hii, maana imejengwa kwa vitu ambavyo umevisoma au utavisoma kabla ya Kidato cha Sita.

Chukua kalamu. Mpigo mmoja wa leza ile ulibeba nishati ya karibu nusu jouli, nao ulidumu karibu pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Gawanya nishati kwa muda. Utapata wati bilioni 500. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa kitambo hicho kidogo, mpigo mmoja ulizidi bwawa lile zaidi ya mara 200. Sasa hesabu kwa njia nyingine. Leza ilitoa mipigo 1,000 kila sekunde, kila mmoja nusu jouli. Hiyo ni jouli 500 kwa sekunde, sawa na wati 500. Pasi ya umeme nyumbani kwenu hula zaidi ya hapo. Nimewapa wanafunzi hesabu hizi mbili mara nyingi, na kila mara wapo wanaoniuliza ipi ni ya kweli. Zote ni za kweli. Anayeelewa kwa nini zote ni za kweli ameelewa tofauti ya nishati na kasi ya kuitumia, na sina haja ya kumpa zoezi jingine.

Wewe wa Kidato cha Sita, fanya na hii. Mwanga wa leza ile ulikuwa na urefu wa wimbi wa nanomita 1,030. Tafuta nishati ya fotoni moja, utapata kama elektronivolti 1.2. Kung'oa elektroni katika molekuli ya oksijeni kunahitaji kama elektronivolti 12. Fotoni moja haiwezi. Ndiyo maana tochi haiwezi kugeuza hewa kuwa plazima hata ukiiwasha mwaka mzima. Lakini mwanga ukisongamana kupita kiasi, molekuli moja huweza kumeza fotoni kumi au kumi na moja kwa pamoja, na elektroni ikatoka.

Kusongamana huko ndiko kunakotaka ustadi. Mwanga mkali sana huibadilisha hewa unamopita ikawa kama lenzi, na lenzi hiyo huukusanya mwanga zaidi. Ukishakusanyika vya kutosha huzaa plazima, na plazima nayo huutawanya. Kukusanya na kutawanya vikishindana hivyo, mwali hujishikilia wenyewe kama uzi mwembamba, unene wake kama unywele, urefu wake mita nyingi. Wanasayansi wa Säntis waliirekebisha leza ili nyuzi hizo zianzie juu kidogo ya ncha ya mnara, si chini yake wala mbali mno.

Lakini uzi huo haudumu. Oksijeni hunyakua elektroni zilizo huru ndani ya muda mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. Kinachobaki ni joto. Hewa iliyopashwa hutanuka na kuacha mfereji wa hewa nyepesi unaodumu milisekunde chache, na umeme hupenya hewa nyepesi kwa urahisi zaidi. Mwaka 2004 timu nyingine ilijaribu kule New Mexico, Marekani, kwa leza ya mipigo 10 tu kwa sekunde. Waliona dalili za umeme katika mawingu, lakini radi haikufuata njia. Wewe uliyekulia Isimani au Usangu unajua sababu bila kufundishwa. Ng'ombe wakipita majanini mara moja kwa mwezi, majani huota tena na njia hupotea. Wakipita kila asubuhi, njia hubaki. Mipigo 1,000 kwa sekunde ni ng'ombe wa kila asubuhi.

Wapo walimu wenzangu wanaosema mambo haya hayamo katika muhtasari, hayatatoka katika mtihani, na yanampotezea mtoto muda. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto atakutana na habari ya leza tu, katika simu, bila sisi. Tukinyamaza, ataipokea kama alivyoipokea kijana wangu, kama uchawi wa ng'ambo. Tena ndani ya habari hiyo mna funzo lile lile la mada ya Kidato cha Pili, ila limevaa nguo mpya: radi haina nia na haina adui, hufuata njia iliyo rahisi, na anayetaka kuikwepa aiandalie njia.

Njia hiyo tunayo tangu Benjamin Franklin alipopendekeza fimbo yake katikati ya karne ya 18. Ni fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa kushukia ukutani, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Vitu vitatu. Fimbo haizuii radi isije, kama wengi wanavyodhani, huipokea. Waya huishusha bila kupita katika ukuta na watu. Vyuma vya ardhini huitawanya, na mafundi hupenda ukinzani wake uwe chini ya omu 10, jambo ambalo katika udongo mkavu wa Isimani lina kazi kuliko katika udongo wa Tukuyu usiokauka. Kwa kadirio la haraka, fimbo hulinda eneo linaloizunguka lenye nusu kipenyo kinacholingana na kimo chake. Wanasayansi wanataka leza kwa sababu wanafikiria viwanja vya ndege na vituo vya kurushia roketi, ambako fimbo ingepaswa kuwa ndefu kupita uwezo wa kujenga. Darasa lako lina urefu wa mita chache. Halihitaji leza leo, wala halitaihitaji.

Sasa nikuambie lililonipata. Shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, ilikuwa na jengo zuri la madarasa lenye fimbo mbili za kinga ya radi. Waya wake wa kushukia ulikuwa wa shaba. Kiangazi kimoja waya ulikatwa usiku, nadhani ukaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa shaba ina bei. Fimbo zilibaki juu. Zilibaki miaka minne. Wageni walikuja, wakatazama juu, wakaona fimbo, wakaridhika. Mimi mwenyewe nilifundisha mada hii miaka minne chini ya paa lile, nikichora ubaoni fimbo, waya na ardhi, na wanafunzi wakinakili. Mwaka wa nne binti mmoja wa Kidato cha Pili alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, huo waya wa kushukia, kwetu hapa uko wapi?" Tukatoka nje darasa zima. Palikuwa na misumari tu ukutani.

Fimbo isiyo na waya ni mbaya kuliko kutokuwa na fimbo. Inaipokea radi kisha inaiacha ijitafutie njia yenyewe, na njia iliyo karibu ni mbao, bati, nondo na watoto. Sijui kwa nini radi haikupiga miaka hiyo minne. Sijivunii kuwa mwalimu wa Fizikia aliyehitaji kuulizwa.

Mahali pengine haikuwa hivyo. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda, ikaua watoto 18. Januari 2025, hapa hapa nchini, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, walikufa kwa radi wakiwa shuleni. Hao walikuwa wenzako, wenye daftari kama lako. Runyanya iliwekewa kinga baadaye, kwa juhudi za mtandao wa Kiafrika wa wataalamu wa radi wenye makao yake Kampala.

Utasikia kwamba kinga ni ghali. Si bure, kweli. Lakini shule inayoweza kupaka rangi mpya kabla ya mahafali inaweza kuanza na jengo moja, lile lililo juu zaidi ya mengine. Na kwa habari ya wizi, si lazima waya uwe wa shaba. Viwango vya kimataifa vinaruhusu alumini kwa sehemu ya juu na chuma kilichopakwa zinki kwa sehemu inayozikwa. Alumini isizikwe, kwa sababu udongo huila. Kazi yenyewe afanye fundi anayeijua, si mwalimu mwenye shauku. Minara ya mawasiliano iliyoko juu ya Mlima Loleza, unayoiona kila siku ukiwa Mbeya mjini, ina kinga, kwa sababu wenye mali hawakubali vifaa vyao viungue. Ninaposimama chini yake huwa najiuliza kwa nini madarasa yetu tunayafikiria baadaye.

Na liko gharama jingine ambalo halimo katika makadirio ya fundi. Katika kijiji kimoja radi iliua ng'ombe watano waliojikinga mvua chini ya mti mmoja. Kifizikia jambo hili ni jepesi. Mkondo ukiingia ardhini husambaa kutoka shinani, na volti hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Miguu ya mbele ya ng'ombe na ya nyuma imeachana sana, hivyo kati yake pana tofauti kubwa ya volti, na mkondo hupanda mguu mmoja, hupita moyoni, hushukia mwingine. Ndiyo sababu ng'ombe wengi hufa kwa pigo moja hata kama mti tu ndio uliopigwa, na ndiyo sababu ukikutwa wazi unaambiwa uchuchumae miguu ikiwa pamoja, mbali na mti. Lakini mwenye ng'ombe hakusema habari za volti. Alimtaja jirani, bibi mjane waliyekuwa wamegombana kuhusu mpaka wa shamba. Bibi yule alihamia kwa mwanawe Makambako kabla msimu wa mvua haujaisha, na shamba likabaki.

Mtoto wa yule mwenye ng'ombe alikuwa mwanafunzi wangu. Katika jaribio la mada hii alikuwa amepata alama 82. Nikamwita pembeni nikamuuliza kama alimweleza baba yake. Akainamisha kichwa. "Mwalimu, ningemwelezaje baba? Mimi nimeisoma kwa Kiingereza."

Sina jibu zuri la swali lile hadi leo, ila ndilo lililonikalisha kuandika kurasa hizi. Kama unaweza kumweleza mama yako kwa nini ng'ombe watano walikufa na mbuzi aliyelala kando akapona, umeijua mada kuliko alama 82. Mweleze kwa adabu, jioni, wakati hakuna msiba. Ukianza na leza ya Uswisi hatakusikiliza. Anza na njia ya ng'ombe.

Shule yangu ya zamani ina waya mpya wa alumini, umefungwa kwa nati ambazo hazifunguki kwa koleo. Nasikia wanafunzi wa klabu ya sayansi huukagua kila Novemba kabla ya ngurumo za kwanza, kuanzia kwenye fimbo hadi panapoingia ardhini, na kuandika katika daftari walichokiona. Mwaka jana walikuta kiungo kimoja kimelegea, fundi akaitwa wiki hiyo hiyo.

Sasa geuza ukurasa. Swali la kwanza linataka uchore kinga ya radi. Kabla hujachora, toka nje uangalie kama shule yako inayo.